Lita zinazopotea kabla ya kufika jikoni

Maswali ya wasomaji juu ya usindikaji mdogo wa maziwa, yanajibiwa na mwalimu wetu wa ufugaji aliyeko Unguja

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Ole, Pemba. Tunanunua maziwa kwa wafugaji 12, wengine wa hapa hapa Ole, wengine wa Kangagani na Shengejuu. Tunatengeneza mtindi na maziwa ya kuchemsha, tunauza Chake na Wete. Kwa siku tunapata lita 70 hivi. Kijana wetu wa bodaboda anatoka saa 12 asubuhi na madumu yake, anarudi saa 4. Kipupwe hatuna shida. Kaskazi ikianza kuvuma, maziwa yanakatika kwenye sufuria karibu kila wiki, na siku hiyo tunamwaga yote. Tena Ramadhani ikifika wateja wanataka mara mbili ya tulichonacho, na ng'ombe ndio wamepunguza. Sasa tumepata nafasi ya mkopo. Tununue mashine ya kuchemshia ya lita 200? — Mama wa kikundi, Ole

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Mashine msinunue, angalau si mwaka huu. Maziwa yanayokatika kwenye sufuria yalikwisha kuharibika kabla hayajaiona sufuria. Moto umeyafichua tu. Mkinunua mashine ya lita 200 mtakuwa na chombo kikubwa zaidi cha kumwagia hasara, na deni juu yake.

Tuhesabu pamoja. Wafugaji wengi wa huko hukamua saa 11 alfajiri ili wawahi shamba. Maziwa yanapoingia jikoni kwenu saa 4, yana umri wa saa 5. Yametoka kiweleni na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi, yakafungwa ndani ya dumu, yakapigwa jua njia nzima. Kwenye joto la namna hiyo vijidudu vinaweza kujizidisha mara mbili kila nusu saa, pengine chini ya hapo. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi yana kinga yake ya asili inayovizuia kwa saa 2 au 3, kisha inaisha. Saa 5 ziko mbali na kinga hiyo. Kipupwe baridi kidogo ya asubuhi inawasitiri, kaskazi hakuna cha kuwasitiri. Kwa hiyo dawa yenu iko barabarani, kati ya banda la ng'ombe na mlango wa jiko lenu, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haina bei.

Anzeni na njia. Muulizeni kijana anaanza kwa nani. Karibu kila kikundi nilichokitembelea, bodaboda huanza kwa jirani kwa sababu ndiye aliye karibu, kisha anakwenda mbali, halafu anarudi. Maana yake maziwa ya Ole, ambayo yangefika jikoni kwa dakika 10, yanapelekwa Shengejuu na kurudishwa. Pindueni. Kijana atoke na vyombo vitupu mpaka kwa mfugaji wa mwisho kabisa, aanzie kuchukua huko, na kila anapochukua awe anakaribia nyumbani. Wafugaji wa Ole wenyewe walete kwa mkono, kabla ya saa 1, na mtakuwa mmeshabandika sufuria ya kwanza kabla bodaboda hajaingia. Wale wa mbali waombeni wakamue kwa kumsubiri yeye, wasikamue wakaweka. Mtu akikamua saa 11 na bodaboda akafika saa 1, hizo ni saa 2 zimekwenda bure na hakuna mashine ya kuzirudisha. Lengo lenu liwe moja: tangu maziwa yatoke kiweleni hadi yakutane na moto au barafu, zisizidi saa 2.

Wekeni daftari. Safu tatu tu zinatosha: jina la mfugaji, saa aliyokamua, saa maziwa yaliyofika. Baada ya wiki chache mtaona wenyewe ni nani anawachelewesha, bila ugomvi, kwa sababu karatasi ndiyo inayosema.

Sasa madumu. Najua ni yale ya manjano yaliyokuja na mafuta ya kula, maana kila mahali ni hayo. Shingo yake haipitishi mkono. Ndani plastiki inachubuka, na katika kila mchubuko hukaa utando wa maziwa ya jana ambao sabuni haiufikii. Unaweza kulisuuza dumu mara kumi likang'aa kwa nje, na ndani bado lina mbegu ya uchachu inayongoja maziwa ya leo. Keni ya alumini yenye mdomo mpana ni ghali, lakini unaingiza mkono mzima na brashi, unaisugua, unaimwagia maji ya moto, unaipindua juani ikauke. Mkopo wenu uanzie hapa.

Jambo la tatu ndilo linalonisikitisha zaidi kwa sababu linaadhibu watu wasio na kosa. Mnamwaga yote, umesema. Yaani mfugaji mmoja maziwa yake yameanza kuchacha, yanatiwa dumu moja na ya wenzake watatu, na lita 70 zinakwenda. Yapimeni kabla hayajachanganywa, mlangoni kwa kila mmoja. Kipimo cha spiriti ni rahisi: spiriti ya duka la dawa iliyopunguzwa iwe asilimia 68 hadi 70, chukua kiasi kidogo, maziwa kiasi hicho hicho, changanya ndani ya kikombe kidogo cha kioo, kitikise. Yakiteleza kwenye kioo bila chembe, yatieni kwenye keni. Yakiganda vipande vipande, hayatavumilia moto, na huenda hata si uchachu: ng'ombe anaweza kuwa na ugonjwa wa kiwele au amezaa juzi na maziwa bado ni dang'a. Mfugaji arudishiwe maziwa yake kwa heshima, aambiwe sababu, alipwe kesho yakiwa mazima.

Mkianza kupima, wanakikundi wenzako watataka na kile kipima maji (laktomita), kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha kama yametiwa maji. Kinunueni, lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana nimeona udugu ukivunjika barazani kwa ajili yake. Mnunuzi anajaza gilasi ndefu, anatumbukiza kipima, kinazama hadi 27. Anatikisa kichwa, anasema umetia maji. Mfugaji, mtu mzima wa watu, anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakutia. Na kweli hakutia. Vipima vingi vimetengenezwa visome maziwa ya nyuzi 20, nalo limeandikwa kwenye shingo ya kipima chenyewe. Maziwa ya asubuhi ya Pemba yana nyuzi 30 na ushei. Maziwa ya moto ni mepesi, kipima kinazama zaidi. Basi pimeni na joto pia, na kwa kila nyuzi 1 iliyozidi 20 ongezeni 0.2 kwenye namba mliyosoma. Nyuzi 31 zimezidi kwa 11, mnaongeza 2.2, na ile 27 inakuwa 29.2. Maziwa halisi ya ng'ombe huwa kati ya 28 na 32. Mzee yule alikuwa mkweli. Na msipime yakiwa bado na povu la kukamuliwa, yaacheni yatulie.

Barafu. Hapa ndipo panapohitaji akili ya kikundi kuliko fedha. Chagueni nyumba moja Kangagani, ya mfugaji mnayemuamini na mwenye friza. Usiku agandishe maji kwenye chupa au mifuko mizito. Nyinyi mumtilie umeme wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla, wa kiasi mtakachokubaliana, kila mwezi, bila kukumbushwa. Asubuhi majirani zake walete maziwa kwake, yapimwe, yatiwe keni, na keni isimamishwe ndani ya pipa lililokatwa nusu lenye maji na barafu hadi shingoni. Kuteremsha lita 20 kutoka nyuzi 35 hadi 15 kunahitaji barafu kilo 4 kwa hesabu ya darasani. Kwa kuwa nyingine huyeyuka kwa joto la hewa, wekeni kilo 6. Mtu mmoja akoroge kwa upawa mrefu ulio safi, taratibu, bila kuacha. Msipokoroga, yaliyo pembeni yatapoa na ya katikati yatabaki vuguvugu saa nzima. Barafu isiingie ndani ya maziwa kamwe, hata iliyo ndani ya chupa, maana hamjui ile chupa imeshikwa na nani.

Umeme ukikatika? Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, hali ni nyingine kabisa na ile ya majenereta, lakini msiweke imani yote kwenye waya mmoja. Sisi wa Unguja tulikaa kiza miezi mitatu, mwisho wa 2009 hadi mwanzo wa 2010, na waliokuwa na maziwa kwenye friza wanajua walivyoyatoa. Siku ya kukatika umeme mna njia mbili: kuyachemsha mapema zaidi, au kuyafanya yote mtindi siku hiyo hiyo. Amueni leo nani atatoa amri hiyo, ili siku yenyewe msikae kuulizana.

Na msimu wa karafuu huo! Kijana wa bodaboda atapata fedha nzuri zaidi kubeba magunia na wachumaji, atawaacha. Msimlaumu. Muwe na wa pili aliyekwisha kuijua njia, na wa kwanza mumlipe kwa safari iliyofika kabla ya saa aliyopangiwa, si kwa lita. Akilipwa kwa lita atasubiri dumu lijae.

Malipo ya wafugaji nayo yawe na siku. Alhamisi, kwa mfano, ili watu wawe na kitu mkononi Ijumaa. Mfugaji asiyejua atalipwa lini humuuzia yeyote anayepita mlangoni na fedha taslimu, na siku hiyo nyinyi mtazunguka na keni tupu.

Nije kwenye Ramadhani, ambayo watu wengi huiona kama bahati mbaya ya kila mwaka na kumbe inapangika. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia kaskazi, majani yamekauka, na ndipo kila nyumba inataka mtindi wa futari. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 na kidogo. Kwa miezi yetu hiyo ni 9 na nusu na siku chache. Anayepandishwa mwanzoni mwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu bado wako kwenye sikukuu, huzaa katikati ya Rajabu. Na ng'ombe hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa. Hesabu mwenyewe: katikati ya Rajabu, wiki 6 na nusu mbele, umeingia Ramadhani. Kwa kuwa ni hesabu ya mwezi mwandamo, haiharibiki mwaka ukisogea. Si ng'ombe wote watakubali, wala msitake wote wazae pamoja, maana miezi ya mbele mtabaki bila kitu. Lakini mkikubaliana na wafugaji 4 tu kati ya 12, kila mmoja ng'ombe mmoja, mtaiona tofauti.

Ng'ombe huyo ale, lakini. Kilele hakiji kwa majani makavu. Majani ya tembo yanayomea kwa fujo wakati wa masika yakatwe yangali laini, yakatwekatwe, yashindiliwe ndani ya pipa au mfuko mzito mpaka hewa iishe, yafungwe. Yatakaa hadi kaskazi. Pumba za mpunga na mashudu ya nazi nunueni kwa pamoja kabla bei haijapanda, muwakopeshe wafugaji, na deni mlikate kidogo kidogo kwenye malipo ya Alhamisi. Hili nalo ni kazi ya kikundi cha usindikaji, ingawa wengi hudhani kazi yao huanzia kwenye sufuria.

Kuhusu jiko lenyewe: sufuria 2 za lita 40, jiko la gesi na kipimajoto cha kuaminika. Nyuzi 63 kwa dakika 30 bila kushuka, mfuniko juu, kisha mnapoza haraka ndani ya maji ya barafu. Lita 70 zinapita humo kabla ya adhuhuri. Siku mtakapokuwa mnapokea lita 150 nzima nzima kila asubuhi kwa miezi kadhaa, niandikie tena, tutazungumza mashine.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatengeneza mtindi Kiboje, Unguja, nakusanya kwa wafugaji 8. Siku nyingine mtindi unaganda vizuri, siku nyingine unabaki majimaji hadi asubuhi. Nimebadilisha kimea (chachu ya kugandishia mtindi) mara nyingi, nimebadilisha sufuria, nimefunika kwa blanketi. Maziwa hayajachacha, nayapima kwa spiriti na yanapita. Kosa liko wapi? — Kijana wa Kiboje

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yanaelekeza kidole kwenye dawa. Mmoja wa wafugaji wako anatibu ng'ombe kwa antibiotiki na anakuuzia maziwa kabla siku za kusubiri hazijaisha. Dawa inapita kwenye damu, inaingia kiweleni, na inafanya kazi yake ndani ya sufuria yako: inaua vijidudu, na kimea chako ni vijidudu. Kuchemsha hakukusaidii, nyingi ya dawa hizi zinavumilia moto. Kipimo cha spiriti hakizioni kabisa.

Fanya hivi siku itakayofuata ya mashaka. Kabla hujachanganya, chukua maziwa ya kila mfugaji kwenye gilasi yake, gilasi 8, kila moja na jina chini yake kwenye karatasi. Zichemshe kwa kuziweka kwenye sufuria ya maji ya moto, zipoe hadi ziwe vuguvugu la kuvumilika na kidole, tia kila moja kijiko kimoja cha kimea kile kile, funika sinia lote kwa kitambaa. Jioni zitakuwa zimeganda 7. Inayobaki maji, soma jina.

Usiende kumgombeza. Nenda ukamuulize ng'ombe yupi mgonjwa, na siku alizopewa dawa. Tangu mbung'o alipotokomezwa Unguja, kazi iliyokamilika mwaka 1997 kwa kuachia madume tasa waliozalishwa Tanga, ng'ombe chotara wameenea hadi vijiji ambavyo zamani hawangeweza kuishi. Wanatoa maziwa mengi, na wanaugua pia, kupe hawana huruma nao na kiwele kikubwa hushikwa na maradhi upesi. Sindano haziepukiki. Kinachokosekana ni habari kufika kwako.

Wape wafugaji wako kitambaa chekundu kila mmoja. Siku ng'ombe anapochomwa dawa, kitambaa kinafungwa shingoni, na hakifunguliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Dawa nyingi husema siku 3, nyingine zaidi, kwa hiyo chupa isomwe na isitupwe. Daktari wa mifugo anayekuja hapo kijijini muombe akuandikie ujumbe wa simu kila anapotibu ng'ombe wa mmoja wa hao 8. Halafu kuna jambo ambalo ndilo litakalokupa ukweli wao: ukubali kumlipa mfugaji nusu ya bei kwa maziwa yale aliyokwambia mapema kwamba ni ya ng'ombe wa kitambaa, kisha uyamwage. Utapata hasara ya lita 5 au 6. Sasa hivi unapoteza sufuria nzima, na watu wanaokunywa maziwa yenye dawa bila kujua ni watoto na wagonjwa, ambao ndio wateja wakubwa wa mtindi.

SWALI: Mwalimu, mimi nasindika lita 30 tu, natia kwenye chupa, napeleka maduka ya Mwanakwerekwe na Amani. Yanaondoka kwangu mazuri, baada ya siku 2 mwenye duka ananirudishia yameharibika na anakata fedha. Nani alaumiwe? — Msomaji, Unguja

JIBU: Kabla ya lawama, weka gilasi ya maji ndani ya friji ya kila duka jioni, na alfajiri, duka likifunguliwa, upime joto la maji hayo. Maduka mengi huzima friji usiku ili Tukuza isiishe. Maji yakiwa zaidi ya nyuzi 8, duka hilo usilipelekee maziwa ya kuchemsha. Lipelekee mtindi, unaovumilia zaidi, kidogo kidogo na mara nyingi: chupa 6 leo na 6 keshokutwa badala ya 20 kwa mpigo. Duka linaloacha friji ikiwaka usiku kucha ndilo lipewe maziwa, na lipewe faida kubwa kidogo kwa kila chupa kwa sababu linabeba gharama ya umeme.

Chupa ziwe mpya, si zile za maji zilizokwisha kutumika. Kila moja iwe na tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, kubwa, upande wa mbele, na ukifika dukani panga wewe mwenyewe, za zamani mbele. Kama bado hujajisajili, nenda Wakala wa Chakula na Dawa na Taasisi ya Viwango ukaulize masharti ya kiwango chako, wapo hapo hapo Unguja. Mwenye duka akishajua kwamba unapima friji yake, mwandikiane: yanayoharibika kabla ya tarehe kwenye friji inayowaka ni juu yako, kwenye friji iliyozimwa ni juu yake.